Daftari la Kaka, Faili la Hospitali

Jumatatu, 29 Januari 2024. Mwanza

Nimerudi kazini leo. Kabla ya kuingia mahakamani nilipitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kuulizia cheti cha kifo cha kaka. Kijana wa dirishani alipokea kibali cha mazishi, akakisoma, akaanza kujaza fomu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijakisoma vizuri tangu tulipokabidhiwa pale mochwari; kilio na haraka ya kuwahi meli ya Nansio havikunipa nafasi. Nimekisoma pale dirishani, nimesimama. Kwenye mstari wa sababu ya kifo daktari ameandika, kwa Kiingereza, kwamba moyo na mapafu vilisimama.

Kila aliyekufa moyo wake umesimama. Aliyezama ziwani umesimama, aliyegongwa na bodaboda Buzuruga umesimama. Shirika la Afya Duniani linawaelekeza madaktari waandike mlolongo: kilichomuua saa ile, kilichokileta hicho, na chanzo cha yote. Kwenye kibali cha kaka mlolongo haupo.

Tulichokiona sisi ni damu. Alianza usiku, akiwa ametoka kula vizuri tu. Akatapika mabonge meusi, halafu nyekundu mbichi, beseni la kufulia likafika nusu. Wifi alilishika lile beseni kwa mikono miwili kutoka nyumbani Ukerewe mpaka ndani ya boti, na alipoambiwa amwage alikataa, akasema daktari lazima aione. Huku mjini waliongeza damu chupa baada ya chupa. Jioni ya siku ya pili akakata roho. Miaka 46. Tukapewa mwili, tukapewa kibali, na hakuna aliyetukalisha akatuambia ilikuwa nini.

Makaburini Baba Mdogo aliuliza kwa sauti, umati wote ukasikia: "Mwanaume mzima wa afya, jana kavuta nyavu, leo anatapika damu anakufa. Kalishwa nini?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu. Wifi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake.

Jumatano, 7 Februari

Nimekwenda hospitali pamoja na wifi. Jina la hospitali silitaji hata humu ndani. Wauguzi wengi wa pale walimhudumia kaka kwa moyo. Tulibeba kibali cha mazishi, cheti cha ndoa na vitambulisho vya taifa. Masijala wakasema faili la marehemu halitolewi, ni mali ya hospitali. Tukapanda ghorofani kwa mkubwa wao. Naye, kwa upole kabisa, akasema ni siri ya mgonjwa.

Nikamuuliza: mgonjwa ndiye huyo amefariki, sasa ruhusa anatoa nani?

"Labda mje na amri ya mahakama, dada yangu."

Siri ya mgonjwa naiheshimu. Bila siri hiyo hakuna mtu angemweleza daktari kweli yake, hasa kisiwani ambako muuguzi wa zahanati ni jirani, na wakati mwingine ni shemeji. Hata kiapo cha madaktari cha Geneva, cha mwaka 1948, kiliongezewa mwaka 1968 kwamba siri inalindwa hata baada ya mgonjwa kufa. Sina ugomvi na hilo.

Ninachoshindwa kukikubali ni hiki. Usiku ule kaka hakuweza kusema. Aliyejibu maswali yote ya daktari ni wifi. Ameanza lini? Amewahi kutapika hivi? Choo chake kimekuwa cheusi? Anakunywa pombe, anakunywa dawa za maumivu? Wifi alijibu akiwa na damu ya mumewe kwenye khanga, na mwandishi akaandika. Ukurasa wa kwanza wa lile faili ni maneno ya wifi. Leo anaambiwa hayamhusu.

Kwenye daladala hakusema kitu mpaka tulipokaribia Kirumba. Ndipo akaniuliza: "Wifi, wale watu wanajua kwamba mimi sikumuua. Kwa nini hawasemi?"

Jumamosi, 17 Februari. Ukerewe

Kikao cha ukoo kimefanyika leo chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya kaka. Agenda zilikuwa mbili, kuanua matanga na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari niliuandika mimi kwa sababu mahakamani ndiyo kazi yangu, na mikono ilinitetemeka.

Baba Mdogo amerudi kutoka kwa mganga upande wa Sengerema. Mganga amemwambia ni sumu, imewekwa kwenye chakula na mtu wa karibu, tena mwanamke. Hakutaja jina na wala hakuhitaji kulitaja. Nyumba ina mwanamke mmoja, si wa kwetu, ametoka kisiwa cha Kome, na mumewe ameacha mitumbwi miwili, mashine ya boti na nyavu. Sisemi kwamba Baba Mdogo anatamani mali. Naamini analia kweli, alimlea kaka tangu mdogo. Lakini jibu alilopewa linamwondoa mke na kuacha mali, na kwenye kikao kile wapo waliolipenda kwa sababu hiyo.

Mtu wa mbali anaweza kudhani haya ni maneno ya msibani yatakayopita. Sisi wa kanda hii tunajua hayapiti. Mtafiti Simeon Mesaki alikusanya kumbukumbu za mauaji ya tuhuma za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984: watu zaidi ya 3,600, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu katika nchi ya Wasukuma, ng'ambo tu ya maji haya. Vizee waliuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mara nyingi mambo yalianza na kifo ambacho hakuna aliyekieleza. Mtoto kafa ghafla, baba kavimba tumbo, watu wakauliza, na wa kwanza kuwajibu akawa mganga.

Jioni, watu walipotawanyika, wifi aliniita chumbani. Akafungua sanduku la bati la kaka akatoa daftari la shule, lile la jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Juu mtoto ameandika jina la baba yake kwa kalamu ya bluu, na chini yake "ZAHANATI". Hivyo ndivyo tunavyotibiwa huku: unanunua daftari lako dukani, tabibu anaandika humo, unarudi nalo nyumbani. Kurasa zilikuwa zimekakamaa, zina harufu ya dagaa.

Mengi ni malaria, na jeraha moja la ndoano. Lakini mwaka 2016 kuna mwandiko wa haraka: maumivu ya tumbo, damu kwenye choo, kichocho, praziquantel vidonge vinne. Mwaka 2021 mwandiko mwingine: wengu umevimba, unaguswa chini ya mbavu, aende Mwanza kupiga utrasaundi. Imepigiwa mistari miwili chini.

Hakwenda. Wifi anasema ulikuwa msimu mzuri wa dagaa.

Kumbe sehemu ya kumbukumbu za ugonjwa wake tunayo, imelala sandukuni muda wote huu. Kwenye zahanati ya kisiwa hakuna aliyewahi kusema daftari la mgonjwa ni siri mkewe asilione.

Ijumaa, 1 Machi. Mwanza

Jana jioni Rais alitangaza kifo cha Rais mstaafu, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Akatutajia ugonjwa: saratani ya mapafu, alitibiwa London tangu Novemba, kisha akarudi kutibiwa hospitali ya Mzena. Miaka 98. Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku chache tu nyuma ilikuwa hivyohivyo kwa Waziri Mkuu wa zamani, Edward Lowassa: Makamu wa Rais alitutajia utumbo, mapafu na shinikizo la damu. Na Machi 2021 tuliambiwa maradhi ya moyo ya Rais Magufuli, ambaye kaburi lake liko Chato, kwenye ufuko wa ziwa hilihili.

Nchi nzima iliambiwa, na ilikuwa sawa kuambiwa, kwa sababu kifo cha kiongozi kisichoelezwa kinazaa uvumi, na uvumi unavunja nchi. Kifo cha mvuvi kisichoelezwa nacho kinazaa uvumi. Kinachovunjika hapo ni nyumba, na ndani ya nyumba ni mjane.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwona daktari niliyesoma naye sekondari. Yuko hospitali nyingine, faili la kaka hajaliona, wala hakutaka kubahatisha kilichomo. Nilimpa daftari. Akaanza nyuma kuja mbele, akafika ule ukurasa wa 2021, akanyamaza, akauliza, "Alikuwa anavua kwa kuingia majini?"

Alikuwa anaingia majini tangu ana miaka sita. Sote tulikuwa tunaingia. Tulichota maji pale, tulifua pale, tuliogelea pale.

Akanichorea kwenye karatasi. Minyoo ya kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono wadogo wa ufukweni, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, huenda kuishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Kule jike hutaga mayai kila siku. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini na kukwama huko. Ini linaweka kovu kuzunguka mayai, mwaka hadi mwaka, mpaka damu inayotakiwa kupita inakosa njia. Ikikosa njia inarudi nyuma: wengu unavimba, na mishipa myembamba ya umio inajaa kupita kiasi, kama mpira wa baiskeli uliopigwa upepo mwingi. Siku moja mmoja unapasuka.

"Na kabla ya hapo anaweza kufanya kazi?"

"Anaweza kuvuta nyavu asubuhi, akapasuka usiku. Ini lenyewe linakuwa bado linafanya kazi. Haumwi kama watu wanavyojua kuumwa."

Mzima wa afya, jana kavuta nyavu, leo anatapika damu. Maneno ya Baba Mdogo yalikuwa maelezo sahihi kabisa ya ugonjwa.

Akanieleza pia kwamba madaktari wa hospitali ya Bugando wameshaandika kuhusu wagonjwa wanaofika wakitapika damu, na kwamba mishipa ya umio ndiyo iliyoongoza kwa walioangaliwa kwa mpira wenye kamera. Kuna kisiwa cha Ijinga, wilayani Magu, ambako watafiti wamekuwa wakipima na kutibu watu wote, watoto kwa wazee. Kwingine ugawaji wa dawa unalenga zaidi shule za msingi, na hiyo ni kazi njema sana, ila baharia wa dagaa mwenye miaka 40 hayupo kwenye foleni ya darasa la tatu.

Nikamwomba aniandikie barua kwamba kaka alikufa kwa kichocho. Akakataa, na namheshimu kwa kukataa. Hakumtibu. Anayeweza kuandika ni aliyepitisha ile kamera kooni, kama ilipitishwa, na jibu lake liko kwenye faili.

Alhamisi, 4 Aprili

Jana Rais Samia alizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Mahakamani leo watu wameizungumzia zaidi kwa zile meseji za mikopo ya mitandaoni zinazotumwa kwa ndugu wa mdaiwa. Mimi niliwaza faili. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti, na inapasa ziwemo.

Nimekaa na vitabu vya sheria mpaka usiku huu. Katiba yetu inalinda faragha katika ibara ya 16, na ibara ya 18 inatoa haki ya kupata taarifa, zimekaa jirani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30, na inaruhusu kumnyima ikiwa taarifa itaingilia faragha ya mtu isivyostahili. Basi nauliza: kumwambia mke kilichomuua mume aliyefia mikononi mwake kunaingilia faragha ya nani isivyostahili?

Nimetazama pia Sheria ya UKIMWI ya 2008, kwa kuwa hakuna siri ya hospitali inayolindwa kuliko ile. Majibu ni ya aliyepimwa. Hata hivyo sheria hiyohiyo inamtaja mwenzi miongoni mwa wanaoweza kupewa. Waliotunga walijua kuna watu ambao ugonjwa wa mwingine unawahusu miilini mwao.

Wakili mmoja rafiki yangu alinielekeza kwa Wafaransa. Sheria yao ya Machi 2002 inawaruhusu warithi kupewa taarifa za tiba za marehemu kwa mambo matatu: kujua sababu ya kifo, kulinda jina la marehemu, au kudai haki zao wenyewe. Wanapewa yale tu yanayohitajika kwa jambo hilo, na hawapewi ikiwa marehemu alikataza akiwa hai. Uingereza wana sheria yao ya 1990 inayompa msimamizi wa mirathi, na mwenye madai yanayotokana na kifo, haki ya kuomba kuliona faili.

Nimeisoma ile ya Wafaransa mara kadhaa. Inanipendeza kwa sababu haisemi faili lote ni la ndugu. Nimeona ndugu mahakamani kwa miaka mingi na najua wanachoweza kufanya na siri ya maiti. Nimeona mtu akitaka kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa wa akili ili wosia ufutwe. Nimeona mtoto wa nje akitafutiwa kundi la damu. Faili likiachwa wazi linageuka panga jingine. Likifungwa kabisa, mwenye panga hahitaji kulitafuta. Sababu ya kifo, jina la marehemu, haki za waliobaki: hapo katikati ndipo ningetaka sheria yetu isimame na iseme kwa maneno yake yenyewe, ili mtu wa masijala asilazimike kuogopa na mjane asilazimike kubembeleza.

Na jina la kuliongeza kwenye ile orodha ya Wafaransa, kama ningeulizwa, ni jina la aliyemuuguza.

Jumapili, 21 Aprili. Kisesa

Nimemtembelea shangazi. Mvua haijaacha, njia ya kwake imekuwa mfereji. Nilimsimulia ya wifi, akanisimulia la kwake.

Kisesa hapa watafiti wa Mwanza wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wamekuwa wakifuatilia kaya tangu 1994, nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Mtu akifa wanakuja kumhoji aliyemuuguza. Mjomba alipofariki waliketi na shangazi kwenye mkeka. Homa ilidumu siku ngapi? Kikohozi kilikuwa kikavu? Alikonda kabla au baada? Alipumuaje usiku wa mwisho? Anasema walimsubiri alipolia, na hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza hayo kabla yao, hata wanawe. Madaktari husoma majibu hayo na kuamua kifo kilitokana na nini, kwa kuwa wengi hufia nyumbani na hakuna cheti cha maana.

Kwa hiyo sayansi yenyewe inakubali kwamba mke aliyeuguza ni shahidi. Neno lake linatosha kuingia kwenye hesabu za vifo. Nimelala nikiwaza wifi na lile beseni alilokataa kulimwaga.

Jumanne, 21 Mei. Mwanza

Miaka 28 tangu meli ya MV Bukoba izame. Watu walikwenda Igoma makaburini. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo. Ya daraja la tatu haikuwepo kabisa, na ndiko walikojaa wengi. Kuna familia ambazo hadi leo hazina karatasi hata moja inayosema mtu wao alikuwa ndani ya meli ile. Na Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara, hesabu rasmi ya waliokufa ilifika 228. Kivuko kilijengwa kubeba watu 101.

Wale hawakuandikwa. Kaka ameandikwa, na tumezuiwa kusoma.

Ziwa limepanda sana mwaka huu. Mialo imeingia maji, wachuuzi wa dagaa wamehamisha chanja zao juu barabarani.

Jumatatu, 27 Mei

Fomu namba nne, ya usimamizi wa mirathi, imetoka wiki iliyopita kwenye mahakama ya mwanzo kule kisiwani. Ukoo ulimkataa wifi, watoto wakamkataa Baba Mdogo, wakakubaliana juu yangu. Leo nimekwenda hospitali nayo pamoja na barua ya maombi. Sikuandika "tunaomba faili". Niliandika: msimamizi wa mirathi anaomba maelezo ya maandishi ya sababu ya kifo, kwa kuwa mjane wa marehemu anatuhumiwa kumwekea sumu.

Nadhani ni mstari huo wa mwisho uliobadilisha mambo. Mganga mfawidhi aliusoma, akanyanyua simu, na daktari aliyemtibu kaka akashuka mwenyewe, kijana mwembamba mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alikuja na faili mkononi. Nililiona: jalada la rangi ya udongo, jina la kaka limekosewa herufi moja.

Akaniambia kwamba usiku ule walipitisha kamera, wakaikuta mishipa ya umio imevimba na mmoja unavuja. Walijaribu kuufunga. Utrasaundi ilionyesha ini lenye makovu ya kichocho na wengu mkubwa. Akasema, na hapa sauti yake ilishuka, kwamba kibali cha mazishi kilijazwa na mwenzake wa zamu iliyofuata, ambaye hakuwa ameusoma ukurasa wa kamera. Akakaa palepale akaandika ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili, kwa kuwa nilimwomba iwe kwa Kiswahili. Amesaini, wamegonga muhuri. Kwenye mstari wa mwisho aliandika kwamba hakuona dalili yoyote ya kulishwa sumu, na kwamba maelezo ya mke wakati wa kumpokea mgonjwa yalikuwa kamili na yaliwasaidia.

Nyuma ya faili kulikuwa na karatasi kadhaa zimebanwa pamoja kwa klipu. Hakuzifungua. Aliona nimeziona.

"Hizi hazihusiani na kifo chake, Mama. Ni mambo aliyoniambia mimi alipopata nafuu kidogo asubuhi ile."

Kumbe aliongea asubuhi ile. Sikujua. Nilitaka sana kusikia maneno yake ya mwisho yalikuwa nini, nilitaka kuliko nilivyotaka barua. Nikajishika. Nikamuuliza swali moja tu: kuna jambo humo ambalo mkewe au watoto wanatakiwa wapime?

Akafikiri kabla ya kujibu. "Wapime kichocho. Wote, na majirani. Basi."

Nimeridhika. Aliyoyasema kaka kwa daktari wake yabaki ya kaka.

Jumapili, 9 Juni. Ukerewe

Baada ya ibada mwenyekiti wa kitongoji aliwaita watu na barua ikasomwa yote, ile mishipa, ini, wengu, mpaka mstari wa sumu. Aliyeisoma ni mwalimu wa shule, si mimi. Wifi alikaa mbele pamoja na watoto, hakujifunika uso.

Baba Mdogo alisema karatasi huandikwa na watu. Akaondoka kabla ya chai. Lakini alipofika njiani alirudi, akataka aonyeshwe ule mchoro wa ini niliochorewa na yule daktari, akauangalia kwa muda mrefu, akauliza kama wengu ndio ule unaokaa upande wa kushoto. Nikamwambia ndio. Akashika ubavu wake wa kushoto, akaondoka tena bila kusema neno.

Wavuvi wamegombania kuniuliza wapi wanapima. Zahanati ina dawa kidogo iliyobaki ya watoto wa shule. Muuguzi amesema ataandika kwa mganga mkuu wa wilaya aombe ya watu wazima, na ameanza kuorodhesha majina kwenye karatasi. Watoto wa kaka walipimwa jana. Wawili wanao, wamemeza vidonge, mdogo amelalamika kwamba ni vikubwa na vichungu.

RITA nitawapelekea barua ya daktari niulize utaratibu wa kusahihisha sababu ya kifo kwenye cheti. Shauri la mitumbwi na mashine ya boti bado liko palepale. Upande wa Baba Mdogo wameweka pingamizi, na limepangwa kusikilizwa tarehe 16 Julai. Wifi ameomba nakala tatu za barua: moja ya mwenyekiti, moja ya kwao Kome, moja ya kwake.